Plastiki Inayogusa Chakula Chetu (Sehemu ya Pili): Kolamu Ipi Ipime Nini?

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mafuta ya moto yanavyovuta kemikali kutoka kwenye plastiki. Nenda soko la samaki Kunduchi ujionee: samaki anaopolewa karaini, mafuta bado yanamchuruzika, anatiwa kwenye kifuko laini, kinapigwa fundo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Tanzania tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki haijaacha kugusa chakula chetu. Leo tuone maabara inavyozitambua kemikali hizo.

Kipande cha plastiki hulowekwa kwenye kiyeyushi. Tone la mikrolita 1 la kiyeyushi hicho huingizwa kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, likageuka mvuke, na gesi ya heliamu ikausukuma ndani ya kolamu. Kolamu ya kawaida ni mrija wa silika wenye urefu wa mita 30 na uwazi wa milimita 0.25, uliopakwa utando mwembamba kwa ndani. Kila kemikali hung'ang'ania utando huo kwa kiasi chake. Ndiyo maana hutoka kwa zamu.

Kwa kazi za kila siku, utando wa silikoni wenye fenili asilimia 5 ndio unaofaa zaidi. Unavumilia joto la zaidi ya nyuzi 300, hivyo DEHP, kilainishi kinachochemka karibu na nyuzi 385, hutoka bila shida. Kolamu ya polietilini glaikoli hutenganisha vizuri alkoholi na asidi nyepesi, lakini utando wake huanza kuharibika joto likizidi takriban nyuzi 250. Haifai kwa vilainishi vizito.

Irganox 1010, inayozuia plastiki isichakae, ni nzito zaidi: masi ya molekuli yake ni karibu 1,178. Hiyo hudai kolamu fupi, ya mita 15 au chini ya hapo, yenye utando mwembamba sana unaostahimili joto kali. Vinginevyo ipimwe kwa kromatografia ya kimiminika.

Ugumu mwingine uko kwa kilainishi kiitwacho DINP. Hicho ni mchanganyiko wa molekuli nyingi zinazofanana, na kwenye chati huonekana kama kichuguu kipana, huku kilainishi kingine, DIDP, kikipandia ubavuni mwake. Hata spektrometa ya masi, inayopima masi ya vipande vya molekuli, haimalizi utata, kwa kuwa vilainishi vingi vya jamii ya fathaleti hutoa kipande kilekile chenye masi 149. Hapo sampuli irudiwe kwenye kolamu yenye fenili asilimia 50, ambayo hubadilisha zamu za kutoka. Jibu likilingana kwenye kolamu zote mbili, lina uzito.

Kwa hiyo, mfanyabiashara unayepeleka vifungashio vyako kupimwa, usiridhike na neno "hakijaonekana". Uliza kilitafutwa kwa kolamu ipi na kwa joto gani. Kemikali isiyoweza kutoka kwenye kolamu haiwezi kuonekana, hata kama imejaa kwenye plastiki.