Arua: Siku zilizorukwa kwenye jedwali la viwango vya fedha

Mfanyabiashara wa Arua au Koboko anayepeleka mzigo Sudan Kusini kupitia Oraba akiweka viwango vya pauni kwenye kompyuta, mara nyingi siku nyingine hazina namba. Programu huzijaza kwa kuvuta mstari ulionyooka kati ya siku mbili zinazojulikana. Katika Excel, kanuni ya FORECAST ikipewa siku hizo mbili tu hufanya hivyo.

Kwa bei ya mahindi si vibaya sana. Tuseme kilo ni shilingi 1,000 Jumatatu na 1,200 Ijumaa. Jumatano itapewa 1,100.

Pauni ni jambo jingine. Hadi Desemba 14, 2015 kiwango rasmi kilikuwa pauni 2.96 kwa dola. Kesho yake Juba iliacha kukifunga, kikawa takriban 18.5. Aliyeandika 2.96 tarehe 10 na 18.5 tarehe 20 angejaziwa 9.18 kwa tarehe 14. Kiwango hicho hakikuwepo benki, wala kwa wabadilisha fedha wa mitaani, ambako pauni ilikwisha kushuka zamani. Msafirishaji aliyekubaliana kulipwa kwa kiwango rasmi cha siku ya kushusha mzigo angeingia kwenye ugomvi, na namba yake haina wa kuitetea.

Kwa kiwango kinachopangwa na serikali, afadhali kurudia namba ya mwisho iliyotangazwa. Kila namba iliyojazwa iwekewe alama kwenye safu ya pembeni, ili anayepokea ankara aone ipi ilichukuliwa sokoni na ipi imetoka kwenye kompyuta.