Si kila kifua kinachopiga mluzi ni pumu

Wiki hii tuyaache ya Bunge na ya bei ya unga. Tuzungumze juu ya jambo linalowaamsha watu usiku wa manane katika nyumba nyingi za mjini: mtoto mchanga anayehangaika kupumua. Mama amekaa kitandani, mtoto yuko begani, kifua kinalia kama filimbi. Baba anatafuta viatu gizani. Jirani amekwisha kugonga mlango na hukumu yake mdomoni: "Huyo ana pumu." Jirani wa pili naye anasema: "Pumu gani! Mafua hayo, mpakeni mafuta, yatakwisha."

Mimi nasema huenda wote wawili wamekosea, na kila kosa lina gharama yake. Wa kwanza amempa mtoto ugonjwa wa miaka mingi kwa kusikia sauti ya usiku mmoja. Wa pili anampotezea mtoto saa ambazo pengine hanazo. Usiku ule swali la kwanza si jina la ugonjwa. Swali la kwanza ni hili: je, hewa inamtosha? Jina litafuata, na mara nyingi huchukua miezi, hata miaka, kulipata.

Hebu tuanze na mabomba. Hewa inaingia kifuani kwa bomba moja kubwa, kisha linagawanyika matawi kama mti, mpaka vijia vyembamba kabisa. Kwa mtu mzima, vijia hivyo vikivimba kidogo, atakohoa na maisha yataendelea. Kwa mtoto mchanga vimekwisha kuwa vyembamba tangu mwanzo. Na hesabu ya mabomba ni kali: upana wa bomba ukipungua nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara 16. Ndiyo maana mafua yanayomfanya baba apige chafya tu yanaweza kumlaza mwanawe hospitalini.

Sasa, utajuaje kwamba hewa haimtoshi? Shirika la Afya Duniani linawafundisha wahudumu wa afya njia isiyohitaji mashine, ila saa inayoonyesha sekunde. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Inua shati lake, tazama tumbo na kifua vinavyopanda, uhesabu kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu ukazidisha, maana mtoto mchanga hupumua kwa kuruka-ruka. Mwenye umri chini ya miezi 2, akifika pumzi 60 kwa dakika, hesabu tena. Ikirudia kuwa 60 au zaidi, safari ya hospitali ianze. Mwenye miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka mno. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Huyo naye apelekwe akapimwe.

Ukiisha kuhesabu, tazama. Je, anapovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani badala ya kutoka nje? Pua zinatanuka? Anaguna kila anapotoa pumzi, au kichwa kinatikisika kwa kila pumzi? Anashindwa kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea na haamki vizuri, au amepatwa na degedege? Ulimi na ufizi vimegeuka rangi ya bluu au kijivu? Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, tazama hapo mdomoni, usisubiri kuiona rangi hiyo shavuni. Dalili moja tu kati ya hizi yatosha kuondoka nyumbani saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku na nauli ni ya kukopa.

Lipo jambo moja zaidi linalowadanganya wengi. Mluzi ukinyamaza huku mtoto bado anahangaika, hiyo si nafuu. Filimbi hulia kwa sababu hewa inapita. Hewa isipopita, filimbi hunyamaza. Mtoto aliyechoka na kifua kilichonyamaza ni hatari kubwa kuliko kelele.

Tuje sasa kwenye jina. Katika miaka 2 ya kwanza, mluzi mwingi wa kifuani huletwa na virusi vya mafua vinavyoshuka mpaka kwenye vile vijia vyembamba. Kwa kawaida huanza na kamasi, hali huwa mbaya zaidi kati ya siku ya 3 na ya 5, kisha hupoa, ingawa kikohozi huweza kuburura wiki 2 au 3. Viuavijasumu haviui virusi, kwa hiyo kumnunulia amoksilini dukani bila kupimwa ni kutupa fedha. Hapo kinachomsaidia mtoto ni kunyonya kidogo kidogo mara nyingi, kusafishwa pua, na akizidiwa, oksijeni ya hospitali.

Nimonia ni jambo jingine, na hiyo inataka dawa haraka. Kadhalika mtoto aliyekuwa mzima akicheza, ghafla akapaliwa na kuanza mluzi, huenda ameingiza punje ya karanga au hindi katika njia ya hewa. Huyo hatibiwi kwa dawa ya kikohozi, punje lazima itolewe hospitalini. Kikohozi cha zaidi ya wiki 2 kwa mtoto asiyeongezeka uzito, hasa kama nyumbani yupo mtu mzima anayekohoa siku nyingi, kinataka kupimwa kifua kikuu.

Na pumu je? Madaktari husita kuitamka kwa mtoto wa miezi michache, na wana sababu. Katika mji wa Tucson huko Marekani, watoto zaidi ya 800 walifuatiliwa tangu kuzaliwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 1995. Kati ya waliopiga mluzi kabla ya kufika miaka 3, karibu 6 katika kila 10 hawakuwa nao tena walipofika miaka 6. Vijia vyao vilikua, basi. Pumu hushukiwa mluzi unaporudi mara kwa mara, hata pasipo mafua. Unapokuja usiku na alfajiri. Unapoamshwa na vumbi, moshi, kukimbia au hata kucheka. Mtoto anapokuwa na ukurutu wa ngozi. Wazazi wanapokuwa na pumu. Na anapopata nafuu kwa dawa ya pumu.

Kwangu mimi jambo hili si la kusoma vitabuni tu. Mwanangu wa mwisho alianza mluzi akiwa na miezi 5. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, na usiku wa pili akatoa ushauri ambao wengi wenu mnaujua: "Mwanangu, huyu ana kimeo. Tumpeleke akakatwe." Wazee hawatoi ushauri huo kwa ubaya, bali kwa kuwapenda wajukuu. Tulikwenda naye zahanati asubuhi. Muuguzi, mama wa makamo, alimwamkia bibi shikamoo, akampatia kiti, akampa kile chombo cha masikioni asikilize mwenyewe. "Bibi, sauti iko wapi? Iko kooni au huku chini?" Bibi akasema iko chini. "Kimeo kiko juu huku. Tukikikata, tutaacha kidonda kooni na mluzi utabaki pale pale."

Bibi hakukubali upesi. Akauliza: "Mbona wengine wamekatwa wakapona?" Muuguzi akajibu: "Kikohozi cha mafua huisha chenyewe baada ya wiki mbili tatu, bibi. Mkataji huitwa siku kikohozi kinaaga, naye hupokea sifa za safari." Jibu hilo nimelikumbuka mpaka leo. Yasiyosemwa ni ya wale waliotokwa damu isiyozuilika, au walioingiwa na vijidudu kwa wembe uliokata koo la mtoto mwingine.

Mluzi wa mwanangu uliendelea kurudi, baadaye hata siku za kufagia tu, na alipokuwa na miaka 3 daktari ndipo alipotamka pumu. Hapo tukakutana na hofu ya pili, ile ya pampu. "Msimzoeshe pampu," watu walituambia, "dawa ile ni kali, akiizoea ndiyo basi. Mpeni ya maji."

Ndugu zangu, tufanye hesabu. Pampu ya kawaida ya salbutamoli hutoa mikrogramu 100 kila inapobonyezwa. Dawa ya maji ya salbutamoli, kijiko cha mililita 5, ina miligramu 2, yaani mikrogramu 2,000. Kijiko kimoja ni sawa na kubonyeza pampu mara 20! Tena ile ya kunywa hupita tumboni na kuzunguka mwili mzima, ikauendesha moyo mbio na mikono ikatetemeka, kabla sehemu yake haijafika kifuani. Ya kuvuta inakwenda moja kwa moja panapouma, na hufanya kazi kwa dakika chache. Sasa kali ni ipi? Wala haimfanyi mtoto awe mtumwa wake. Anayeihitaji kila siku anatuambia kwamba pumu yake haijatulizwa, na huyo anastahili pampu ya pili, ile ya kuzuia uvimbe, inayotumiwa kila siku hata akiwa mzima, kwa maelekezo ya daktari.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta sawasawa na mbonyezo, kwa hiyo dawa huishia ulimini. Dawa yake ipitie kwanza katika chombo cha kuikusanya, ambacho madaktari hukiita spesa, chenye kibarakoa cha kufunika pua na mdomo. Bonyeza mara moja, mwache apumue mara 5 au 6, ndipo ubonyeze tena. Je, spesa ni ghali? Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walitangaza kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako, pampu ikaingizwa hapo na kuzibwa vizuri, iliwasaidia watoto sawa na spesa ya kiwandani. Watoto wale walikuwa wa miaka 5 hadi 13; kwa mchanga lazima kibarakoa kiwepo, na mhudumu wa afya akuonyeshe. Lakini chupa hizo zimejaa mitaroni mwetu. Zahanati isiyo na spesa inaweza kutengeneza.

Kisha tutazame nyumba zetu wenyewe. Jiko la mkaa litoke nje kabla halijawashwa, si baada ya moshi kujaa. Sigara isivutwe chumbani hata kama mtoto hayupo. Na ile dawa ya mbu ya kuchoma: watafiti waliopima moshi wake walitangaza mwaka 2003 kwamba kipande kimoja kikiungua hutoa vumbi laini sawa na sigara kati ya 75 na 137. Chandarua hakina moshi. Maziwa ya mama kwa miezi 6 ya kwanza, na chanjo zote za kadi ya kliniki, ile ya nimonia ikiwamo, ni ngao isiyouzwa dukani.

Mwaka 2019, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, pumu iliua watu 455,000 duniani, wengi wao katika nchi za kipato kidogo kama zetu. Hawakufa kwa sababu dawa haijagunduliwa. Pampu ya kwanza ya namna hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1956. Haikuwafika, au ilifika wakaiogopa.

Basi usiku huu, mtoto wako akiwa mzima na amelala, chukua saa uhesabu pumzi zake dakika moja, uiandike namba hiyo nyuma ya kadi ya kliniki. Siku atakapopumua vingine, hutamhitaji jirani akuambie.