Mipango si matumizi: Tumia kompyuta kupanga ratiba ya mjengo

NI jambo la kawaida siku hizi, ukizuru Kitengela, Ruiru au Juja, kukuta kuta zimesimama bila paa, nyasi zimeota sebuleni na rundo la kokoto limegeuka kuwa uwanja wa watoto kuchezea. Mara nyingi mwenye ploti huwa si kwamba ameishiwa na fedha. Fedha alikuwa nazo, lakini zilitoka kabla ya wakati wake. Saruji ilinunuliwa mapema ikagandia mifukoni, fundi wa madirisha akaitwa akiwa amechelewa, na mafundi wa paa wakaketi chini ya mti siku tatu wakilipwa kwa kungoja mbao. Wakati huo wote, familia inaendelea kulipa kodi ya nyumba ya kupanga huku riba ya mkopo wa chama cha akiba ikizidi kupanda.

Wahenga walinena kuwa mipango si matumizi. Hata hivyo, mpango mzuri unaweza kuyazuia matumizi mengi yasiyo ya lazima. Hapa ndipo programu za kompyuta za kupangia ratiba zinapofaa, na si lazima uwe mhandisi ili uzitumie.

Asili ya programu hizi ni ya zamani. Mhandisi wa Poland, Karol Adamiecki, alichora ratiba ya kazi kwa mistari mwaka wa 1896. Katika miaka ya 1910, Mmarekani Henry Gantt aliieneza michoro ya aina hiyo, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Kisha mwaka wa 1957, wataalamu wa kampuni za DuPont na Remington Rand nchini Marekani walibuni njia ya kukokotoa ni kazi zipi zikichelewa zitachelewesha mradi wote. Microsoft Project ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1984. Leo zipo pia programu zisizolipishwa, mathalani ProjectLibre na GanttProject. Mchagua jembe si mkulima. Chagua moja uanze kazi.

Anza na karatasi

Kabla ya kuiwasha kompyuta, keti na fundi wako mkuu na muorodheshe kazi zote. Usiandike tu "kujenga nyumba", kwani huwezi kuifuatilia kazi ya namna hiyo. Wala usiandike "kununua misumari", kwa kuwa orodha itakuwa ndefu isiyosomeka. Kipimo kizuri ni kazi ya kati ya siku moja na wiki mbili, ambayo mtu mmoja anaweza kuulizwa kama imekwisha au la. Usisahau vibali vya kaunti, kuagiza mbao na kuvuta maji na stima. Kazi za ofisini ndizo husahaulika, nazo ndizo huchelewesha.

Rekebisha kalenda

Programu nyingi huchukulia kuwa watu hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Ikiwa mafundi wako hufika pia Jumamosi, ieleze programu mapema. Kisha ondoa sikukuu: Juni 1, Oktoba 20, Desemba 12, Krismasi na nyinginezo. Zingatia pia mvua za masika za Machi hadi Mei na za vuli za Oktoba hadi Desemba. Ukipanga kuchimba msingi katikati ya masika, ongeza siku mapema badala ya kulaumu mawingu baadaye.

Unganisha kazi, usiandike tarehe

Hili ndilo kosa kubwa la wanaoanza. Mtu huandika tarehe ya kila kazi kwa mkono, na mwishowe huwa na kalenda ya ukutani iliyohamishiwa kwenye skrini. Ukiandika tarehe, programu huichukua kama amri, na kazi iliyotangulia ikichelewa huenda ile inayofuata isisogee inavyopaswa.

Badala yake, iambie programu muda wa kila kazi na kazi ipi lazima iishe kabla ya nyingine kuanza. Tarehe itazikokotoa yenyewe. Wanaotumia Microsoft Project wakumbuke kuwa tangu toleo la 2010, kazi mpya huwekwa katika hali ya kupangwa kwa mkono. Zibadilishe ziwe za kupangwa na programu, la sivyo utasogeza kila kitu mwenyewe.

Yako pia mambo yanayohitaji kungoja bila mtu kufanya kazi. Zege la msingi hutaka kumwagiliwa maji na kupewa muda wa kukomaa, na plasta mbichi haipakwi rangi kesho yake. Muda huo uweke baina ya kazi mbili. Kwa kuwa zege halina Jumapili, uhesabiwe kwa siku zote za wiki. Katika Microsoft Project, 7d ni siku saba za kazi, ilhali 7ed ni siku saba mfululizo.

Ijue njia isiyosubiri

Tuchukue mfano. Tuseme msingi ni siku 12, kuta siku 15, paa siku 10, plasta siku 12 na rangi siku 6. Jumla ni siku 55 za kazi, yaani wiki 9 na siku moja kwa wanaofanya kazi siku sita kwa wiki, bila kuhesabu muda wa kungoja zege na plasta kukauka. Kuta zikisimama, fundi wa jua kali huchukua vipimo na kutengeneza madirisha kwa siku 7. Madirisha hayo lazima yawe tayari kabla ya plasta kuanza.

Kwa kuwa paa linachukua siku 10, fundi wa madirisha ana siku 3 za ziada. Akichelewa siku 2, hakuna hasara. Akichelewa siku 5, nyumba yote itachelewa siku 2. Kwa upande mwingine, paa likichelewa hata siku moja, siku ya kuhamia nayo husogea siku moja, kwani paa halina muda wa ziada.

Mlolongo huo usio na muda wa ziada ndio moyo wa ratiba, na programu nyingi huweza kuuonyesha kwa rangi nyekundu. Fedha yako, simu zako na macho yako vielekezwe huko kwanza. Wengi hugombana na fundi mwenye siku za ziada huku anayeshikilia mradi wote akilala.

Watu si namba

Ukiongeza mafundi, programu inaweza kukokotoa kwamba kazi ya siku 12 itaisha kwa siku 6. Usiamini upesi. Chumba kina nafasi ya mafundi wachache, na zege halikauki haraka kwa sababu vibarua wameongezeka. Frederick Brooks, aliyesimamia uundaji wa programu kubwa ya kampuni ya IBM, alionya mwaka wa 1975 kuwa kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, maana wageni lazima wafundishwe. Hakikisha pia kuwa fundi mmoja hajapangiwa kazi mbili wakati mmoja. Programu itakuonyesha ukiandika majina.

Kila Jumamosi, fungua faili

Ratiba ikikamilika, hifadhi nakala ya awali ndani ya programu kabla ya kazi kuanza, ili baadaye ulinganishe ulichopanga na kilichotokea. Kisha kila Jumamosi jioni, tenga dakika 20 za kuandika hali halisi. Usimuulize fundi amefika asilimia ngapi, kwani "tisini" ni jibu rahisi na linaweza kudumu mwezi mzima. Muulize: zimebaki siku ngapi? Ukiandika jibu hilo, utaona papo hapo kama tarehe ya kuhamia imesogea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wanafunzi pia wana lao hapa. Tasnifu ni mjengo. Kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, ukusanyaji wa data, uandishi wa sura na wiki ambazo msimamizi atakaa nazo akizisoma, vyote huunganishwa vivyo hivyo. Wengi hupanga siku za kuandika tu, wakasahau siku za kusomewa, kisha muhula ukaisha.

Ni kweli kwamba kompyuta haitachanganya simiti wala kumwamsha fundi aliyelala. Kazi yake ni kukuambia leo kuwa mbao zinahitajika baada ya wiki tatu, ungali na muda wa kuzitafuta kwa bei nzuri. Kwa familia inayotaka kuacha kulipa kodi ya mwenye nyumba kabla ya shule kufunguliwa Januari, habari hiyo ina thamani kuliko lori zima la mchanga.