Dawa Nne Zisizopatana Ndani ya Kidonge Kimoja

Kidonge mseto cha kifua kikuu hubeba rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa pamoja, na sababu yake ni nzito: tiba ya miezi sita ni safari ndefu, na mgonjwa anayemeza dawa moja akaiacha nyingine huwapa bakteria nafasi ya kujenga usugu. Sina ugomvi na mseto. Ninachokipinga ni dhana kwamba dawa zilizothibitika kuwa imara kila moja kivyake zitabaki imara zikikaa pamoja. Rifampisini ikikutana na tindikali humomonyoka na kuwa formilirifamisini; isoniazidi iliyo jirani huidaka na kuunda haidrazoni, hivyo mmomonyoko huenda kasi kuliko kama rifampisini ingekuwa peke yake. Haidrazoni hiyo nayo huvunjika humo humo kwenye tindikali, ikaiachia isoniazidi ianze upya. Hasara kubwa inaiangukia rifampisini, dawa ambayo tiba nzima imeiegemea. Ethambutoli, kwa tabia yake ya kuvuta unyevu wa hewa, huuchochea uharibifu huo hata kabla kidonge hakijafika mdomoni.

Kwa hiyo swali la nani anapima na kwa kifaa gani si la mafundi peke yao. Kipimo cha zamani kilitazama rangi: rifampisini ni nyekundu, basi pima wekundu ujue kiasi. Tatizo ni kwamba formilirifamisini nayo ina rangi, ikahesabiwa kama dawa nzima. Kromatografia ya kimiminika (jina lenyewe, kwa mzaha wa historia, lina maana ya kuandika kwa rangi) hutenganisha kwanza, ndipo ihesabu. Kidonge huyeyushwa, kisha kiasi kidogo cha mchanganyiko husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya mrija uliojazwa chembe za silika zilizovishwa minyororo ya kaboni. Isoniazidi, inayopenda maji, hutoka mapema, rifampisini huchelewa, kila moja huacha kilele chake kwenye grafu. Lakini mashine haitoshi. Mchambuzi sharti akitese kidonge makusudi kwa tindikali, alkali, haidrojeni peroksaidi, joto na mwanga, kisha aonyeshe kwamba hakuna zao la uharibifu lililojificha chini ya kilele cha dawa. Asipofanya hivyo, hata kidonge kikae miezi sita katika kabati la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, namba atakayoisoma haitakuwa na uzito zaidi ya ule wekundu.

Watasema ni gharama, na hawakosei. Asetonitrili, kimiminika kinachotumika sana katika mashine hizi, ni zao la pembeni la viwanda vya akrilonitrili. Uchumi wa dunia ulipoyumba mwaka 2008 viwanda hivyo vilipunguza kazi, na maabara kote duniani zikahangaika kukipata. Ndiyo maana vifaa vya bei nafuu vya kupima kwa bamba jembamba vina nafasi yake: humnasa mwuzaji wa vidonge visivyo na dawa kabisa. Ila kidonge kilichoanza kuharibika kidogo kidogo kitavipita bila shida. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni lingine: kromatografia yenyewe ina upofu. Kitambuzi chake cha kawaida hutegemea mwanga wa urujuanimno, na ethambutoli karibu haiunyonyi, kwa hiyo huhitaji njia yake ya pekee. Nalikubali hilo, na naongeza la pili: vipimo vya uimara hufanywa kidonge kikiwa kimehifadhiwa ndani ya pakiti yake ya alumini. Vidonge vilivyotolewa humo vikahesabiwa kwenye mfuko wa plastiki, mahali penye joto na unyevu wa pwani, si vile vilivyokuwa ndani ya kabati la maabara, na tarehe iliyochapwa kwenye boksi haikuvihusu.