Siku Tisini Si Miezi Mitatu

Siku hizi si ajabu mzazi wa huku kwetu Mpale kuitwa na mwanawe aliyeko Ulaya. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alinijia na barua ya binti yake aliyejifungua huko Ujerumani: “Mama, njoo unisaidie kulea. Ukae miezi mitatu.” Tukachukua kalenda tukahesabu, na hesabu ikatuonya.

Yafaa kujua kwamba nchi nyingi za Ulaya zina sheria moja ya wageni, iitwayo Schengen, kwa jina la kijiji cha Luxemburg ambako mapatano yalitiwa sahihi mwaka 1985. Mwaka 2025 nchi hizo zilitimia 29. Uingereza haimo. Mgeni wa matembezi huruhusiwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Siku ya kuingia huhesabiwa, na ya kutoka pia.

Basi tazama. Mama akiingia tarehe 1 Novemba, siku ya 90 ni tarehe 29 Januari. Akingoja hadi tarehe 31, ati miezi haijatimia, amezidisha siku mbili. Wala asidhani akienda kulala Italia hesabu yaanza upya. Nchi hizo ni nyumba moja yenye vyumba vingi. Tena, viza ikiandikwa siku 60, ni 60 tu, hata kama tarehe yake ya mwisho bado iko mbele.

Tangu Oktoba 2025 mashine zimeanza kuandika wageni waingiapo na watokapo, pamoja na picha ya uso na alama za vidole. Aliyezidisha siku aweza kutozwa faini, au kunyimwa viza safari nyingine. Atakaye kukaa zaidi ya siku 90 aombe viza ya muda mrefu ya nchi ile aendayo, kabla hajaondoka nyumbani.

Maombi hupelekwa mapema, kuanzia miezi sita kabla ya safari, wala yasipungue siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90, nayo hairudishwi ukikataliwa. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi.

Mama yule alimjibu binti yake: “Mwanangu, nitakaa siku 85. Zile tano ni za ndege kuchelewa.” Nawe msomaji, hesabu kwanza, ndipo ukate tiketi.