Kusafishwa Manii Maabara Ili Kupata Mtoto: Nini Hukumu Yake?

SWALI: Tunaishi Ihumwa, Dodoma, na huu ni mwaka wa saba wa ndoa bila mtoto. Daktari amesema manii ya mume wangu yatasafishwa maabara, kisha niwekewe kwenye kizazi. Mama mkwe anasema mtoto huyo hatakuwa damu yao. Je, inajuzu?

JIBU: AlhamduliLlaah. Inajuzu, dada yangu, kwa masharti.

Nadhani neno “kusafisha” ndilo lililoleta hofu. Hapa haikusudiwi kuondoa najisi; kwa madhehebu yetu ya Shafi‘i manii ni twahara. Kinachoondolewa ni majimaji na mbegu zilizokufa. Katika tendo la ndoa majimaji hayo hubaki ukeni, na mbegu huogelea zenyewe hadi ndani. Yakiingizwa kizazini kwa mrija bila kusafishwa, mama hupata msokoto mkali wa tumbo. Basi mtaalamu ama huyaweka chini ya maji maalumu, mbegu zenye nguvu zikapanda juu, ama huyazungusha kwa mashine, zile nzima zikashuka chini. Hakiongezwi kitu cha mtu mwingine.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliruhusu njia hii panapokuwa na haja, manii yakiwa ya mume na ndoa ikiwa bado ipo. Nasaba ni ya mumeo. Mwelezeni mama kwa upole.

Hofu ya kweli ni kuchanganyika. Mumeo akabidhi kichupa kwa mkono wake, asome majina yenu wawili juu yake. Ulizeni kama meza moja hutumika kwa watu wawili kwa wakati mmoja. Nawe kabla ya mrija kuingia, omba usomewe jina. Wengine huona haya. Hapa haya haina nafasi, ni nasaba hiyo.

Ama kuyapata, mumeo asijichue peke yake ikiwa wewe upo. Umsaidie kwa mkono wako. Kondomu za kawaida hazifai, huua mbegu. Kichupa kifike maabara ndani ya saa moja, kikiwa na joto la mwili. Kutoka Ihumwa hadi Dodoma mjini inawezekana. Kama mmepelekwa Dar es Salaam, tafuteni chumba karibu na hospitali. Na mumeo atalazimika kuoga janaba.

Allaah Awaruzuku kizazi chema. Wa Allaahu a‘lam.