Amplifaya Ndogo ya Vali: Inavyofanya Kazi, Inavyojengwa, na Sababu ya Ile ya Kwanza Kuungua



Tulipofika Matambarale, Wilaya ya Ruangwa, tuliwekewa mezani kitu ambacho tulikitambua mara moja. Ilikuwa amplifaya ya gitaa, ndogo, ya vali, zawadi iliyotoka Marekani kwa ajili ya kwaya ya vijana. Ilikuwa imefungashwa kwa uangalifu mkubwa na ilipokelewa kwa vigelegele. Siku ya kwanza tu ilipochomekwa kwenye umeme, kwa maelezo ya wanakwaya, ilinguruma, ikatoa harufu kama ya lami inayoungua, ukafuata moshi, halafu kimya. Nyuma yake palikuwa na kibandiko kilichoandikwa wazi: volti 120, hezi 60. Kosa lilikuwa letu sisi wa ofisini. Ndio tuliosaini kuipokea, na hakuna hata mmoja wetu aliyeigeuza kusoma.

Fundi redio wa pale, kijana anayetengeneza simu na redio kibandani kwake, alikuwa ameshaifungua. Hakutuuliza tutaleta nyingine lini. Alituuliza kama yeye anaweza kujenga ya kwake, kwa kuwa ndani yake hakuona vitu vingi. Kamati ilituomba tujibu swali hilo kwa maandishi ili sharika nyingine nazo zinufaike. Jibu letu ni kwamba inawezekana, ila kazi yote inasimama au kuanguka katika mambo mawili: transfoma, na umeme wa volti zaidi ya 300 unaokaa ndani ya boksi.

Vali ni nini

Vali ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna waya unaopashwa moto, na juu ya waya huo mna kifuko cha chuma kiitwacho kathodi, ambacho kikipata joto hutoa chembe za umeme, yaani elektroni. Pembeni liko bamba la chuma lenye volti nyingi, nalo huzivuta elektroni hizo. John Ambrose Fleming wa Uingereza alitengeneza vali ya namna hiyo mwaka 1904. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akaongeza wavu mwembamba katikati, na hapo ndipo jambo kubwa lilipotokea. Umeme mdogo sana ukiwekwa kwenye wavu huzuia au kuruhusu umeme mkubwa unaokwenda kwenye bamba, kama vile kidole kimoja kinavyofungua na kufunga bomba la maji. Umeme mdogo ni gitaa. Umeme mkubwa ndio unaosukuma spika.

Transista ilipovumbuliwa mwaka 1947, vali zilianza kutoweka taratibu katika redio. Wapiga gitaa ndio waliozing'ang'ania. Transista ikizidiwa hukata kilele cha sauti ghafla, nayo husikika kama karatasi inayochanwa. Vali ikizidiwa hulainisha kilele hicho kidogo kidogo, sauti ikawa nene na yenye joto. Kwa sababu ya wapiga gitaa hao na wapenzi wa muziki wa nyumbani, vali bado zinatengenezwa leo, kwa mfano Slovakia na Urusi.

Fundi wetu wa Matambarale atafurahi kujua kwamba baba wa amplifaya hizi naye alikuwa fundi redio. Leo Fender alifungua duka la kutengeneza redio Fullerton, California, mwaka 1938, na miaka 10 baadaye, 1948, alitoa amplifaya ndogo iliyokuja kujulikana kama Champ: vali tatu tu na spika moja. Jim Marshall wa London alikuwa na duka la ngoma. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake walichukua mchoro wa amplifaya ya Fender, wakatumia vifaa vilivyopatikana kwao, wakatoa ya kwao. Ken Fischer wa Marekani alizijenga moja moja kwa mkono wake, na badala ya namba kila moja aliipa jina la mwanamke. Hapa Afrika, bendi ya Konono No. 1 ya Kinshasa ilijitengenezea vyombo vya kukuzia sauti ya likembe kwa sumaku za vipuri vya magari. Hatusemi hayo ili kumpamba kijana wetu. Tunasema kwa sababu baadhi ya wajumbe waliona ombi lake kama mchezo.

Wati tano zinatosha?

Hili ndilo swali tulilosikia mara nyingi zaidi, kwa kuwa dukani kila kitu kinauzwa kwa wingi wa wati. Ikumbukwe kwamba sikio halihesabu kama mita. Ili sauti isikike kuwa kubwa mara mbili, nguvu inatakiwa iongezwe takriban mara 10. Kwa hiyo amplifaya ya wati 50 haimzidi ndugu yake wa wati 5 mara kumi. Inamzidi kama mara mbili tu. Kinachosahaulika ni spika. Spika nzuri hutoa desibeli 95 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Ukiipa wati 5 inafika kama 102. Katika jengo la kawaida la ibada kijijini, gitaa lenye sauti hiyo linatosha, na pengine mzee mmoja wa kanisa ataomba lipunguzwe. Uwanjani kwenye mkutano haitoshi, na hatutadanganya kwamba inatosha.

Usanifu, tukianzia kwenye spika

Tumejifunza kwamba ni rahisi kusanifu ukirudi nyuma, kutoka spika hadi gitaa. Spika yetu ni ya omu 8. Vali ya mwisho, iitwayo 6V6, inapenda kuona mzigo wa omu 5,000 hivi. Transfoma ya kutolea sauti ndiyo inayowapatanisha: 5,000 ukigawa kwa 8 ni 625, na kipeuo chake cha pili ni 25. Maana yake, upande wa vali uwe na mizunguko 25 ya waya kwa kila mzunguko mmoja wa upande wa spika. Kwa kuwa umeme wa vali moja hupita kwenye transfoma hii upande mmoja tu bila kugeuka, vipande vya chuma vyenye umbo la E vipangwe vyote upande mmoja, vya I upande wa pili, na katikati yake uwekwe utepe mwembamba wa karatasi. Fundi aliyezoea kusuka transfoma za kawaida atavichanganya kwa mazoea, na sauti nzito za gitaa zitapotea. Mwambieni mapema.

6V6 inaruhusiwa kuchoma wati 12 kwenye bamba lake. Tunaweka rezista ya omu 470 kwenye kathodi, halafu tunapima. Tukipata volti 19 juu yake, basi kunapita miliampea 40 hivi. Tukiondoa kama 3 za wavu wa pili, zinabaki 37 kwenye bamba. Kama kati ya bamba na kathodi kuna volti 306, zidisha: wati 11.3. Tuko ndani ya mpaka. Kipimo hiki kimoja kinaeleza afya ya amplifaya kuliko kitu kingine chochote, nacho kinahitaji mita ya kawaida tu ya fundi redio.

Mbele ya 6V6 iko vali ndogo ya 12AX7, ambayo Wazungu wa Ulaya huiita ECC83. Chupa ni moja lakini ndani mna vali mbili, na kila moja ikipewa rezista ya omu 100,000 kwenye bamba na omu 1,500 kwenye kathodi inakuza kama mara 50 hadi 60. Gitaa hutoa sehemu ndogo ya volti moja, na 6V6 inahitaji karibu volti 19 ili ifanye kazi yake yote. Hatua mbili zinatosha na kubaki. Ziada hiyo ndiyo humwezesha mpiga gitaa kuongeza sauti mpaka vali izidiwe kwa ule utamu tulioueleza.

Transfoma ya umeme, yaani mahali pa kuungulia

Umeme wetu Tanzania ni volti 230, hezi 50. Transfoma ina kiini cha chuma, na chuma kina kiasi cha sumaku kinachoweza kubeba. Kikizidishiwa, waya hauzuii tena umeme, unavuta bila kipimo hadi uungue. Kwa kiini chenye eneo la sentimita za mraba 8, hesabu ya hezi 50 inadai mizunguko 4.7 kwa kila volti, yaani karibu 1,080 kwa volti 230. Kwa hezi 60 inatosha mizunguko 3.9 kwa volti, na kwa volti 120 ni kama 470 tu. Sasa fikirini ile zawadi yetu. Ilipewa volti karibu mara mbili, kwa hezi pungufu, na chuma chake kikatakiwa kubeba sumaku mara 2.3 ya kile kilichosanifiwa kubeba. Haikuwa na nafasi ya kupona. Hata kifaa cha kushusha volti kutoka 230 hadi 120 hakibadilishi hezi. Transfoma iliyobanwa sana kwa hezi 60 inaweza kuendelea kupata joto kupita kiasi.

Transfoma yetu mpya inatoa volti 6.3 za kupashia vali na volti 250 za kazi. Volti 250 zikipita kwenye daiodi nne na kapasita hupanda hadi kilele cha 353, na vali zikianza kufanya kazi hushuka kuwa 335 hivi. Ingewezekana kutumia vali ya kunyooshea umeme kama Fender, lakini hiyo peke yake hula wati 10 za joto, na sharika zinazotumia betri ya sola haziwezi kuzipuuza. Bila hiyo, amplifaya nzima inakula kama wati 30, ambazo kwa saa tatu ni wati-saa 90. Ni kweli kwamba tunatumia 30 ili kupata 5 za sauti. Amplifaya ya transista ingekuwa na ubahili mzuri zaidi, na usharika wenye betri moja dhaifu ununue hiyo.

Jambo ambalo hatulilegezi

Volti 335 zinaua. Na tofauti na pasi au jiko la umeme, kuchomoa plagi hakumalizi hatari, maana kapasita hubaki zimejaa. Tumeagiza rezista ya omu 220,000, ya wati 2, ifungwe moja kwa moja kwenye kapasita ili izikaushe. Kwa kapasita zetu za jumla ya mikrofaradi 32, inachukua nusu dakika hivi. Hata hivyo fundi apime kwanza, ndipo aguse, na mkono wa pili ukae mfukoni. Boksi la aluminiamu liungwe na waya wa ardhi wa plagi ya pini tatu, na jengo lenyewe liwe na fimbo ya ardhi ya kweli. Tumekuta majengo ambayo pini ya tatu haijaungwa na kitu chochote. Mpiga gitaa hushika nyuzi za chuma zilizoungana na boksi hilo huku midomo yake ikigusa maikrofoni. Kabla ya kamati kuidhinisha shilingi moja ya amplifaya, ilipie fimbo ya ardhi. Fyuzi iwe ya nusu ampea, aina ya kuchelewa, na kuwashwa kwa mara ya kwanza kupitie balbu ya zamani ya wati 60 iliyofungwa mfululizo: balbu ikiwaka kwa nguvu na isififie, zima, kuna kosa. Aidha, isiwashwe kamwe bila spika, kwani transfoma ya sauti hujipasua yenyewe.

Boksi la nje tulimwachia seremala. Alitaka kutumia mpingo kwa kuwa upo, tukamwambia abakize mpingo kwa vinyago. Amplifaya ni ya kubebwa mkononi. Mbao za msindano za kutoka Sao Hill ni nyepesi, na ndizo jamii ya mbao ambazo Fender mwenyewe alizitumia.

Kuhusu fedha: transfoma mbili na spika ndizo zinazokula sehemu kubwa ya bajeti, na vali lazima ziagizwe nje. Zinunuliwe mbili mbili. Kwa kwaya inayofanya mazoezi saa sita kwa wiki, ambazo ni kama saa 300 kwa mwaka, 6V6 inayotumika ndani ya mipaka yake inaweza kudumu miaka kadhaa. Hatusemi kwamba kujenga ni rahisi kuliko kununua. Tofauti ni kwamba hii ikiharibika, aliyeijenga yuko umbali wa kutembea kwa miguu, na mchoro wake umebandikwa ndani ya mfuniko.

Marafiki mnaotaka kusaidia, tunaomba msitume amplifaya nzima. Tumeni vali za 6V6 na 12AX7, soketi zake, na kapasita za volti 450. Ikiwa ni transfoma, hakikisheni imeandikwa volti 230 na hezi 50. Tumeweka karatasi yenye namba hizo mbili juu ya meza ya kupokelea mizigo ofisini, na hakuna anayesaini kabla ya kuugeuza mzigo na kuusoma mgongo wake.